Taya linauma, linalia au limekaza: kutafuta chanzo na kulitibu

Weka ncha ya kidole cha shahada mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha fungua na ufunge mdomo. Kile kifundo kinachosogea chini ya ngozi ni kichwa cha taya la chini, na hapo ndipo kilipo kiungo chenyewe. Kila upande una kiungo chake, na vyote viwili hufanya kazi pamoja kwa sababu vimeshikana na mfupa mmoja. Kati ya kichwa hicho na fuvu kuna kisahani chembamba kilichokikalia kama kofia. Unapoanza kufungua mdomo, kichwa cha taya huzunguka palepale kilipo. Ukipita milimita 20 hadi 25 hivi, huanza kuteleza kwenda mbele, na kisahani husafiri nacho. Ukiuelewa mwendo huo wa hatua mbili, karibu kila dalili iliyoelezwa hapa chini utaielewa.

Wengi wanaofika kliniki wakisema kiungo cha taya kimeharibika huwa wanaumwa misuli ya kutafunia. Hiyo ni habari njema, kwani msuli hupona bila mtu kugusa mfupa wala jino. Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa, tenganisha mambo matatu: msuli, kiungo, na magonjwa mengine ambayo maumivu yake hujitokeza tayani.

Kwanza, yasiyosubiri

Maumivu ya taya yanayokuja ukipanda ngazi au ukitembea haraka na kutulia ukipumzika yanaweza kuwa ya moyo, hasa kifua kikibana, jasho likitoka au pumzi ikikatika. Nenda hospitali sasa hivi, usiende kwa daktari wa meno.

Taya linalokaza siku 3 hadi 21 baada ya jeraha la msumari, mwiba au jembe, shingo ikawa ngumu na kumeza kukawa shida, lishuku kuwa pepopunda, hata kama kidonda kimeshakauka.

Homa, uvimbe chini ya kidevu au shingoni, mate kumtoka mtu kwa sababu hawezi kuyameza, sauti kubadilika: huo ni usaha wa jino au wa koo. Ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa, kwa hiyo usilale nao ukisubiri asubuhi.

Mtu aliyepita miaka 50 akianza kuumwa panja, ngozi ya kichwa ikamuuma anapochana nywele, na taya likamchoka kila anapotafuna, huenda mishipa ya damu ya kichwa imevimba. Ugonjwa huu hupofusha. Matibabu yake ni dawa za steroidi, zianzwe siku hiyohiyo hata kabla ya vipimo vyote kurudi.

Kuna jambo moja ambalo hupotezewa muda mwingi: taya kupinda au kubaki wazi na shingo kugeuka, saa chache au siku chache baada ya kupewa metoklopramidi ya kuzuia kutapika au haloperidoli ya magonjwa ya akili. Nyumbani hudhaniwa ni degedege au mashetani, lakini ni athari ya dawa. Mrudishe mgonjwa hospitali pamoja na karatasi ya dawa alizopewa. Sindano moja inayofaa hulilegeza taya ndani ya dakika chache.

Vipimo vitano vya kujifanyia

Unahitaji rula, kioo, mzani wa jikoni na kijiti cha aiskrimu.

Pima uwazi wa mdomo kutoka ukingo wa jino la mbele la juu hadi ukingo wa jino la mbele la chini. Mtu mzima hufungua milimita 40 hadi 55. Chini ya 35 kuna kizuizi. Kama huna rula, simamisha vidole vyako vitatu (shahada, cha kati na cha pete) kati ya meno. Vidole viwe vyako mwenyewe, kwa sababu vya mwingine haviendani na mdomo wako. Andika namba hiyo, kwani ndiyo itakayokuonyesha kama unapona.

Mbele ya kioo, fuata kwa macho mstari ulio kati ya meno mawili ya mbele ya chini huku ukifungua polepole. Taya likienda upande mmoja kisha likarudi katikati, kisahani kimeteleza lakini kinarudi mahali pake. Likienda upande mmoja na kubakia hukohuko, upande huo ndio uliokwama.

Sikiliza. Mlio mmoja mkavu wa "tak" ni wa kisahani. Sauti ya kukwaruza, kama ya mchanga, ni ya mifupa na gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni) lililolika.

Kisha bonyeza misuli. Watu hukosea hapa kwa kubonyeza sana au kidogo mno, ndiyo sababu ya kuwa na mzani: bonyeza sahani yake kwa kidole hadi usome kilo 1, mkono uizoee nguvu hiyo. Itumie kwenye shavu, juu ya msuli unaotutumka ukiuma meno, halafu kwenye panja. Shikilia sekunde 2, na kama unataka kujua iwapo maumivu yanasambaa, shikilia sekunde 5. Kwenye kifundo mbele ya sikio tumia nusu kilo tu. Maumivu yanayohesabika ni yale unayoyatambua: "ndiyo haya yanayonisumbua." Msuli wa kila mtu huuma kidogo ukibonyezwa, na hilo peke yake halimaanishi ugonjwa.

Mwisho, uma kijiti kwa magego ya upande unaouma. Kijiti hukiondolea mzigo kiungo cha upande huohuo. Maumivu yakipungua, kiungo ndicho kinachoshukiwa, na yakizidi, shuku msuli au jino lenyewe.

Shavu na panja vinauma, taya limechoka

Hili ndilo tatizo la watu wengi. Maumivu ni mazito, hayaoneshwi kwa ncha ya kidole bali kwa kiganja kizima, na mara nyingi huja na kichwa kuuma pande za mapanja. Yakiwa makali asubuhi, mtu anasaga au kuuma meno usingizini. Yakiongezeka kuelekea jioni, anayauma mchana bila kujua, akiwa kwenye kompyuta, kwenye usukani au kwenye mawazo.

Wengi wameambiwa kwamba kusaga meno usiku ni dalili ya minyoo. Dawa ya minyoo itatoa minyoo kama ipo, lakini haitalegeza taya. Vinavyochochea ni msongo, kahawa nyingi, pombe na sigara za jioni, baadhi ya dawa za sonona kama fluoksetini na setralini (usiziache bila kuzungumza na aliyekuandikia), na kukoroma kwa namna ya kukatika pumzi usingizini. Wanaokaa saa nyingi na miraa shavuni wana sababu nyingine iliyo wazi: msuli unafanya kazi ambayo haukuumbiwa kuifanya mchana kutwa. Chingamu ni hivyohivyo.

Matibabu yanaanzia kwenye mkao wa mdomo. Midomo ikiwa imefumbwa, meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana. Mwanya wa milimita 2 hadi 4 ubaki katikati, ulimi ukiwa umetulia nyuma ya meno ya mbele ya juu. Meno hukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Tamka "nnn" kisha nyamaza bila kusogeza taya, nalo litakuwa karibu na mahali pake. Bandika alama ndogo za rangi kwenye simu, kioo na dawati, na kila ukiiona moja jiulize kama meno yamegusana. Linaonekana jambo dogo, lakini mtu akilipuuza, mengine yote atakayofanya yatamsaidia nusu tu.

Mara mbili au tatu kwa siku weka kitambaa cha maji ya moto shavuni kwa dakika 15 hadi 20, kisha sugua msuli kwa mizunguko midogo dakika 2 kila upande. Ulimi ukiwa juu, fungua mdomo hadi pale ulimi unapotaka kuachia, funga, rudia mara 6. Fanya zoezi hilo mara 6 kwa siku. Ulimi ukiwa juu, taya huzunguka tu bila kuteleza mbele, na msuli unajifunza kufanya kazi bila kukaza.

Kwa wiki 2 kula wali laini, mtori, ndizi za kupika, maharage, samaki, ugali katika matonge madogo. Acha miwa, mahindi ya kuchoma, nyama choma, pweza na muhogo mbichi. Usiendelee na uji mtupu kwa miezi, kwani msuli usiofanya kazi hudhoofika na kuuma zaidi.

Kama huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ujauzito, wala dawa za kuzuia damu kuganda, mtu mzima anaweza kutumia ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula kwa siku 5 hadi 7. Itumie kwa saa zake. Kusubiri hadi maumivu yapande ndipo umeze huifanya ionekane haifai. Maumivu yaliyodumu miezi mitatu na zaidi hayatibiwi kwa kuendelea kumeza vidonge hivyo. Daktari anaweza kuongeza amitriptilini ya kipimo kidogo, miligramu 10 hadi 25 usiku, na mtaalamu wa viungo anayejua taya akafundisha mazoezi. Nafuu ya msuli hupimwa kwa wiki 4 hadi 6, si kwa siku.

Linalia "tak" lakini haliumi

Liache. Kisahani kimetangulia mbele kidogo ya kichwa cha taya, na unapofungua, kichwa hukirukia na kukidaka, ndipo unaposikia mlio. Picha za MRI (zinazopigwa kwa mashine ya sumaku) huonyesha visahani vilivyohama kwa takriban theluthi ya watu wasio na malalamiko yoyote. Kujaribu kukirudisha kisahani kwa upasuaji ili kuondoa mlio tu ni kumpa ugonjwa mtu asiye mgonjwa. Acha kulichezea mbele ya marafiki, basi.

Mambo yanabadilika mlio ukija na maumivu, au taya likianza kukwama kwa sekunde chache asubuhi hadi ulisogeze kando ndipo lifunguke. Hiyo ni dalili kwamba huenda likafunga kabisa. Fuata mkao wa mdomo, chakula laini na mazoezi kama hapo juu, na umwone daktari wa meno bila kuchelewa.

Lilikuwa likilia, sasa kimya, na mdomo hauendi

Mlio umekoma ghafla, mdomo unafunguka milimita 25 hadi 30, taya linavutwa upande mmoja, na mbele ya sikio panauma unapolazimisha. Kisahani kimebaki mbele na kichwa cha taya hakiwezi tena kukirukia. Hatua ya kwanza, kuzunguka, bado ipo. Kuteleza kumezuiwa, ndiyo maana kipimo kinasimama pale.

Usilazimishe kwa kijiko wala kwa ngumi. Tishu iliyo nyuma ya kisahani ina neva na damu nyingi, na ndiyo inayobanwa. Fika kliniki ndani ya siku au wiki za mwanzo, wakati kisahani bado kinaweza kurudi. Mtaalamu huvaa glavu, huweka dole gumba juu ya magego ya chini ya upande uliokwama, husukuma chini kwanza kisha huvuta mbele, huku mgonjwa akisogeza taya upande wa pili. Kuvuta mbele kabla ya kushusha chini hakufanikiwi, kwa sababu nafasi bado haijapatikana.

Kisahani kisiporudi, mgonjwa asikate tamaa: kwa wengi tishu ya nyuma hukomaa na kufanya kazi ya kisahani, na uwazi huongezeka polepole katika miezi. Msaada wake ni joto, dawa ya maumivu na kunyoosha. Dole gumba huwekwa kwenye meno ya juu na kidole kwenye meno ya chini, unapanua hadi uhisi kuvutwa lakini si maumivu makali, unashikilia sekunde 10 hadi 15, mara 5, na unarudia seti hiyo mara 3 kwa siku. Vijiti vya mbao vya kuangalizia koo vikipangwa kimoja juu ya kingine ni kipimo kizuri, kwani kila kijiti kinachoongezeka ni karibu milimita 2.

Wiki kadhaa zikipita bila mabadiliko, kuna kusafisha kiungo kwa sindano mbili, moja ikiingiza maji ya dripu na nyingine ikiyatoa. Njia hii ilielezwa na Dorrit Nitzan na wenzake mwaka 1991. Faida yake ni pale taya lilipofunga. Kwa maumivu ya muda mrefu yasiyo na kufunga, hailipi.

Mdomo hauendi, na hakukuwa na mlio kabla

Hapo tafuta nje ya kiungo. Kama ulichomwa sindano ya ganzi ya jino la chini siku chache zilizopita, sindano imepita msuli wa ndani ya taya. Joto, ibuprofeni na zoezi la kufungua hutosha, na ukiacha mazoezi kwa kuogopa maumivu, kovu hukaza. Kama gego la mwisho linaota na fizi imevimba, tibu fizi na jino. Kwa watumiaji wa tambuu na popoo, jambo la kawaida tangu zamani Pwani na Visiwani, ndani ya mashavu huweza kuwa peupe na pagumu kama uzi uliokazwa. Ugonjwa huo unafunga mdomo pole pole na unaweza kugeuka saratani. Popoo iachwe leo. Na mdomo unaozidi kufunga mwezi hadi mwezi bila sababu, pamoja na kidonda kisichopona wiki 3, ganzi ya mdomo, pua kutoka damu au tezi ya shingo, uangaliwe kama saratani ya mdomo au ya nyuma ya pua hadi ithibitike siyo.

Mdomo umebaki wazi

Baada ya mwayo mkubwa au kung'olewa gego, kichwa cha taya kimevuka kilima kilicho mbele yake na misuli imekaza ikakizuia kurudi. Mgonjwa hawezi kufunga, mate yanatoka, mbele ya sikio pana shimo. Kama kulikuwa na pigo, picha ya eksirei itangulie. Kadiri saa zinavyopita ndivyo misuli inavyokaza, kwa hiyo nenda mapema.

Mhudumu humkalisha mgonjwa chini, kichwa kikiegemea ukuta, na kufunga madole gumba yake kwa gozi nene, maana taya hurudi kwa kishindo na meno hukutana. Anasukuma magego chini, kisha nyuma, na ni rahisi zaidi kuanza upande mmoja. Njia nyingine isiyohitaji nguvu: bomba tupu la sindano la mililita 5 au 10 huwekwa kati ya magego ya upande mmoja, mgonjwa analiuma taratibu na kulizungusha mbele na nyuma kwa kusogeza taya mwenyewe hadi lirudi.

Kwa wiki 2 hadi 3 asifungue zaidi ya sentimita 2, ale laini, na mwayo ukija aweke ngumi chini ya kidevu. Anayechomoka mara kwa mara apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa mdomo na taya.

Linakwaruza

Ni kulika kwa gegedu, zaidi kwa wenye umri mkubwa. Kama haliumi, halihitaji tiba. Likiuma, fuata mpango uleule wa misuli. Viungo vya vidole vikivimba na kukaza kila asubuhi, pima baridi yabisi ya kinga ya mwili, kwa sababu tiba yake si ya taya peke yake.

Mtoto aliyeangukia kidevu

Hapa tunasisitiza kuliko pengine popote. Mtoto anaanguka, kidevu kinapasuka, kinashonwa, anarudi nyumbani. Pigo la kidevu husafiri hadi kwenye vichwa viwili vya taya, na ufa wake hauonekani kwa nje. Damu iliyovuja kiungoni inaweza kugeuka mfupa, na baada ya miezi au miaka mdomo unafunguka milimita chache tu, kidevu hakikui, mtoto anakoroma na meno yanaoza kwa kuwa mswaki haupiti. Kila mtoto mwenye jeraha la kidevu apimwe uwazi wa mdomo siku hiyo, wiki 1 baadaye, na tena kila mwezi kwa miezi kadhaa. Namba ikishuka, mpeleke kwenye kitengo cha upasuaji wa mdomo na taya, kama vile Muhimbili, Kenyatta au Mulago. Taya la mtoto lisifungwe kwa waya kwa muda mrefu. Lianze kusogezwa mapema.

Uvimbe wa taya unaokua kwa siku au wiki chache na kulegeza magego ya mtoto ni jambo jingine kabisa. Saratani ya Burkitt, iliyoelezwa na Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958, hukua hivyo, na huitikia dawa vizuri ikiwahiwa.

Ukiambiwa meno yako yasagwe au uvalishwe kifaa

Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio wa Marekani, aliunganisha maumivu haya na meno kukutana vibaya. Maelezo yake hayakusimama baadaye, lakini bado wapo wanaosaga meno mazima "kusawazisha taya". Kataa. Jino lililosagwa halirudi. Mwongozo uliochapishwa katika BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, mwaka 2023 kwa maumivu ya muda mrefu unatanguliza mazoezi yenye usimamizi, kusogezwa kwa taya kwa mikono na ushauri wa kisaikolojia wa kubadili mazoea, na unapinga vikali vifaa vinavyobadilisha mkao wa meno bila kurudi tena, pamoja na kukiondoa kisahani.

Kikinga meno cha usiku kina kazi yake: kulinda meno ya anayesaga. Hakitibu chanzo. Kiwe cha akriliki ngumu, kifunike meno yote ya taya moja, kivaliwe usiku tu. Kile kinachofunika meno ya mbele pekee huyaacha magego yakichomoza, na baada ya miezi mtu anakuta meno ya mbele hayakutani tena. Cha plastiki laini cha kuchemsha kinawafanya wengine watafune zaidi.

Meno yakibadilika yanavyokutana ghafla na hakuna kifaa ulichovaa wala pigo ulilopata, au kidevu kikianza kuhamia upande mmoja, omba picha ya mifupa ya taya lote, ile inayopigwa kwa mashine inayozunguka kichwa, uende nayo kwa daktari wa upasuaji wa mdomo na taya pamoja na namba zako za uwazi wa mdomo.